Senta Hafu wa Urojo

Watu wanasema mimi nina hasira. Sina. Nina kumbukumbu nzuri tu, na mwenye kumbukumbu nzuri akikaa jirani na Khalaf lazima sauti yake ipande.

Khalaf ana duka la halwa hapa Ibra, Omani, mlango wa pili kutoka kwangu. Tangu nilipofika kutoka Unguja mwaka 1971, mimi na mke wangu Rahila na masanduku manne, kila asubuhi nikipita kwenda kazini hunyanyua mkono akasema, "Karibu, mgeni wetu." Mwaka wa kwanza niliitikia. Wa pili nilinyamaza. Wa tatu nilimshika mkono nikampeleka mpaka nyumba ya babu yangu, ile iliyoanguka mlango, nikamwambia babu kazaliwa humu, na mtende huu kaupanda yeye. Khalaf akautazama mtende, akaitazama nyumba, akasema, "Mashallah. Karibu sana, mgeni wetu."

Kufika mwaka 1976 nilikuwa nimechoka, na wallahi nilikuwa naumia. Kule nilikozaliwa niliambiwa nirudi kwetu. Nimerudi kwetu, naambiwa karibu. Sasa mtu aende wapi?

Basi tulikuwa na timu ya mpira, sisi tuliotoka Unguja na Pemba. Ikiitwa Urojo, kama mchuzi ule wa kwetu, kwa vile kila mtu alicheza lake na yote yakachanganyika. Timu ya wenyeji ikiitwa Halwa, maana Khalaf ndiye mkubwa wao na ndiye mnunuzi wa jezi. Kila Iddi kubwa tulicheza mechi moja, mshindi akapewa mbuzi kutoka soko la Sinaw. Mbuzi wao simtaki, meno yangu mabovu. Nilichokitaka ni maneno aliyoyasema Khalaf Iddi iliyopita, walipotufunga saba. Alisimama katikati ya kiwanja, watu wote wanasikia, akanambia, "Nadhir, siku mtakayotufunga nyinyi, sitakuita mgeni tena."

Maneno hayo niliyaweka moyoni, nikawa nayatoa kila usiku kabla ya kulala kuyatazama.

Shida yetu ilikuwa moja: senta hafu. Aliyekuwepo kahamishiwa Salalah na serikali. Senta hafu ndiye anayesimama katikati akajua mpira ampe nani, na yeye asipokuwepo watu kumi wanakimbilia mpira mmoja mfano wa kuku waliotupiwa mtama. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia nafasi yake, na umri wangu miaka arubaini na tatu, na goti langu la kulia likilia kama bawaba.

Kila mwaka skuli zikifunguliwa, serikali ilileta wafanyakazi wapya Ibra: walimu, wauguzi, watu wa mashine za umeme. Mwaka wa nyuma tuligombania muuguzi mmoja, Urojo wamevuta mkono huu, Halwa mkono ule, mpaka maskini akaomba uhamisho wa Nizwa. Kwa hivyo Sheikh Marhun, mkubwa wa mtaa wetu, akaweka utaratibu. Majina ya wageni wote yataandikwa katika karatasi. Mimi na Khalaf tutakaa majlisi kwake, chumba chake cha wageni, tuchague mmoja mmoja kwa zamu, na timu iliyofungwa ndiyo ianze. Asiyekuwepo zamu yake ikiitwa, imempita. Sijapata kufurahia kufungwa saba mpaka siku ile.

Nikaanza kumtafuta mtu wangu kabla ya kikao. Na mimi nina njia yangu, watu walinicheka lakini ninayo. Senta hafu humjui kwa miguu. Unamjua kwenye sinia. Mkae watu watano mle sinia moja ya wali, mtazame nani anawakatia wenziwe nyama bila ya kuambiwa, na nani anachimba upande wake tu. Yule wa kwanza mpe jezi.

Nikasikia kuna mwalimu anaitwa Mahrous, anahamishwa Izki kuja kwetu. Nikapanda Datsun langu mpaka Izki, nikaingia kwenye harusi ambayo sikualikwa, nikakaa sinia moja naye. Huyo bwana alichukua bega zima la mbuzi akalichambua huku anazungumza na mtu wa nyuma yake, hatazami, na kila mtu akapata fungu lake. Kuna mzee hana jino hata moja, akampa laini tupu. Nilitaka kulia. Nilirudi Ibra nikatangaza sokoni kwamba mwalimu anayekuja kutoka Izki goti lake bovu. Bovu lilikuwa langu, lakini hapana aliyeuliza goti la nani.

Siku ya kikao nilivaa kanzu mpya. Sikuwahi kukaa majlisi ya Sheikh Marhun hata siku moja. Walikuwa wakinialika, nami nikisema nina kazi, sikutaka kwenda kukaribishwa. Sisi tuliotoka Unguja tulikutana wenyewe kwa wenyewe tukanywa chai ya maziwa. Siku hiyo nilikunywa gilasi tatu kabla ya kutoka, kutuliza roho.

Wakanikalisha kuliani kwa Sheikh. Akaja Musallam na dele la kahawa. Huyu Musallam ni mpwa wa Sheikh, mrefu, mkimya, kazi yake dereva wa gari la maji, na siku za kikao ndiye mmiminaji. Akanipa mimi kwanza. Nikanywa, nikamrudishia finjani, akaijaza. Nikanywa, akaijaza. Mama yangu alinilea kwamba kwa watu usikatae unachopewa, ukikataa umewatukana. Nikanywa. Niliwaona wengine wanatikisatikisa finjani zao kabla ya kuzirudisha, nikasema nafsini watu hawa hawapendi mashapo. Nikanywa ya sita. Nikanywa ya tisa. Khalaf alikuwa ananitazama, ndevu zinamcheza, hasemi kitu.

Sheikh akaanza hotuba juu ya udugu. Hotuba ilikuwa nzuri na haikwisha. Kwenye finjani ya kumi na tatu mimi sikuwa nasikia Kiarabu wala Kiswahili. Niliinuka, nikasema "samahani", nikatoka mbio, na choo kiko nyuma ya bustani, ukivuka falaji, mfereji wa maji ya mashamba.

Niliporudi, karatasi ilikuwa kwa Khalaf. Zamu ya Urojo imeitwa mara tatu, mwenyewe hayupo. Khalaf kamchukua Mahrous.

"Lakini ana goti bovu," nikasema.

"Nitamvumilia," Khalaf akasema. Kisha akaichukua finjani yake, akaitikisa mbele ya macho yangu, taratibu, kulia na kushoto, akampa Musallam, na Musallam akaipokea asiijaze. "Hivi ndivyo tunavyosema basi, mgeni wetu. Nilidhani unajua."

Majlisi nzima ikacheka, na Sheikh akacheka, na mimi uso uliniwaka nikawa sioni vizuri. Nilisimama pale nimeshika karatasi yenye majina saba ya watu nisiowataka. Nikamtazama Musallam, kwa chuki, nasema kweli. Alikuwa anazunguka na dele. Watu ishirini na mbili chumbani, na yeye anajua finjani ya nani imebaki kidogo, nani katikisa, nani kaingia sasa hivi. Hamwagi tone. Hatazami mkono wake. Yule mzee wa pembeni aliyesinzia, kamwekea tende mbili karibu na goti asimwamshe.

"Namchukua huyu," nikasema.

"Yupi?" Sheikh akauliza.

"Huyu aliyeniangamiza."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Musallam hajapata kugusa mpira maisha yake. Jina lake halimo kwenye karatasi. Sheikh akapangusa macho akasema mchukue, Nadhir, mchukue tu, na Khalaf akaniombea dua ya heri kwa sauti kubwa. Nyumbani Rahila alinisikiliza mpaka mwisho, akanambia, "Umekwenda kutafuta mchezaji, umerudi na mpishi wa kahawa. Kunywa maji basi." Nikamwambia asinitajie kitu cha kunywa.

Nilimfundisha Musallam wiki tatu. Wallahi njia yangu ilikuwa kweli. Mpira ukimfika unatulia, na ukitoka unakwenda kwenye mguu wa mtu, laini, huna haja ya kusogea. Nikaanza kuota tena.

Siku ya Iddi kiwanja kilijaa, wanaume upande huu, wanawake kwenye magari upande ule. Mwaka huo mechi ilikuwa kwenye kiwanja chetu, Musallam katikati, mimi mbele. Refa akapuliza, Musallam akapata mpira, akanyanyua kichwa, akautuliza, akampa Mahrous. Mahrous wa Halwa. Goli.

Nikasema kateleza. Akapata tena, akampa Mahrous tena, kwa adabu kabisa, mguu wa kulia. Goli la pili. Nilitaka kumla nyama. Ulipofika wakati wa mapumziko tulikuwa tumeshafungwa mawili, na nilimvaa Musallam pale pale.

"Wewe mzima? Kwa nini unampa yule?"

Akanitazama, hana hata wasiwasi. "Kiwanja chetu," akasema. "Wao wamekuja kwetu, na mwalimu katoka mbali, Izki. Mgeni ndiye anayeanza. Nitampitaje?"

"Huu mpira, si kahawa."

"Hukunichukua kwa ajili ya kahawa?"

Nikamwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kwa jina la mjomba wake. Kila mara alisema ndiyo, na niliona machoni kwamba mkono wake hautaweza, maana tangu ana miaka saba anamimina vile vile. Rahila alikuwa kwenye gari la karibu na mstari wa chokaa, anasikia yote.

"Baba Ghalia," akaniita kwa jina la binti yetu. "Si umwambie wewe ndiye mgeni. Uliyetoka mbali zaidi hapa nani, kama si sisi?"

"Bora nifungwe ishirini."

"Basi fungwa," akasema, akajifunika buibui lake vizuri.

Halwa walikuwa wamekaa hatua kumi kutoka pale, wanakula machungwa. Khalaf yuko nao. Nikalitazama goti langu, nikaitazama miaka mitano ya kila asubuhi. Mtu akitaka asiitwe mgeni tena, njia iliyobaki ni moja, apaze sauti aseme ni mgeni. Uliona wapi mambo haya?

Nikamwendea Musallam. "Mimi nimetoka Unguja," nikasema. "Siku saba baharini. Mimi ndiye mgeni hapa."

Nilisema polepole, lakini kiwanja kilikuwa kimenyamaza. Khalaf akaacha chungwa lake mdomoni.

Musallam akainamisha kichwa. "Karibu," akasema, na moyo ukanichoma.

Kipindi cha pili hicho. Mpira wa kwanza kanipa mimi. Nikaupiga, ukatoka. Wa pili kanipa mimi. Nikampa mwenzangu, ukapotea, Musallam akaupata, kanipa mimi. Nilipewa mpira mara kumi na tisa, Rahila alihesabu. Popote nilipojificha, mpira unanifika mguuni, umetulia, tayari kwa kunywewa. Mtu akipewa mara kumi na tisa hata awe kipofu atafunga mawili, nami nikafunga mawili, moja kwa goti bovu. Halwa wakanizunguka mimi sasa, watu wanane, nikawa sioni hata jua. Mpira unakuja wa ishirini. Pumzi sina. Nikanyanyua mkono juu ya vichwa vyao nikautikisa, kulia na kushoto.

Musallam akanipita. Akampa aliyekuwa kuliani kwangu, peke yake mbele ya goli, hana hata mtu wa kumsalimia. Tatu kwa mbili, refa akapuliza.

Vijana walinibeba mpaka goti likapiga kelele wakanishusha. Khalaf akaja kunipa mkono. Ni mtu wa ahadi, hilo simnyimi. "Sitakuita mgeni tena," akasema. "Lakini leo umejiita mwenyewe, Nadhir, na watu mia tatu wamesikia."

Akenda zake. Nikabaki nimeshika hewa. Nimeshinda, mbuzi yuko pale analia, na sijapata kujiona mnyonge namna ile tangu niteremke melini.

Jioni Sheikh Marhun akatuita sote majlisi, timu zote mbili. Nilikwenda kwa sababu Rahila alinisukuma. Musallam akaingia na dele, bado ana mchanga shingoni. Nikanyoosha mkono nipokee. Akanipita. Akampa Mahrous. Akampa refa, akampa Khalaf, akawapa Halwa wote mmoja mmoja. Akarudi akawapa vijana wangu. Ikawa damu inanichemka, nikasema nafsini, leo hata kahawa nanyimwa. Akampa mjomba wake, Sheikh mwenyewe. Mwisho kabisa, watu wote wameshakunywa, akaja akanimiminia mimi.

"Mbona mimi wa mwisho?" nikamwuliza, na sauti ilipanda, najua ilipanda.

Musallam akashangaa kama nimemwuliza jua linatokea wapi. "Watu wa nyumbani hunywa mwisho," akasema. "Wageni kwanza."

"Mchana nilikwambia mimi mgeni."

"Nilijua si kweli. Lakini mtu akisema ni mgeni, haulizwi."

Nikamtazama Khalaf. Kasikia. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akanipa nafasi.

Nikakaa. Nikanywa, nikairudisha finjani, sikuitikisa. Musallam akaijaza. Nikanywa nyengine, na nyengine, na Sheikh akaanza hotuba yake juu ya udugu. Rahila anasema niliingia nyumbani mbio, sikumsalimu mtu, nikapita moja kwa moja chooni, na alinisikia nacheka humo peke yangu.