Turubai la Bluu

Mwalimu Evodia alikwenda stoo ya usharika kuazima turubai la kuikinga darubini na upepo. Silvano, mtunza stoo, alimwuliza swali moja tu: "Jeupe au la bluu?" Evodia akasema la bluu, maana jeupe lingerudisha mwanga. Silvano akavua kofia. "Pole sana, mwalimu," akasema, akambebea mwenyewe mpaka nyumbani, akalifunga kwenye nguzo, akakataa hata maji ya kunywa. Evodia akamwona mtu muungwana kupita kiasi. Alikuwa amefundisha fizikia pale Mlola miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jeupe ni la harusi na la bluu ni la msiba. Nani angemwambia? Jambo linalojulikana na kila mtu halina mwalimu.

Upepo wenyewe ulikuwa adui mdogo. Jambo kubwa lilikuwa sayari aliyotaka kuitazama usiku huo. Sayari hiyo inazunguka nyota ya mbali mno, na haizunguki kwa adabu kama dunia yetu. Njia yake imevutwa ikawa ndefu na nyembamba. Inajikokota huko mbali miezi na miezi, kisha inateremka kwa kasi, inapita karibu kabisa na nyota yake, na kutokomea tena. Wanafunzi wake Evodia aliwaambia ni kama ndugu aliyeko Dar: anafika Krismasi, anakula, anaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Ikipita mbele ya nyota, mwanga wa nyota hufifia kidogo, na kutokana na kufifia huko watu huijua njia yake. Shida ni kwamba kupita kwenyewe kunachukua saa nyingi, na hakuna nchi moja yenye usiku wa kutosha. Kwa hiyo watazamaji wa nchi mbalimbali walipokezana. India walishaiona ikiingia, kabla nyota haijatua kwao. Ghana jua lilikuwa bado linawaka, na Nairobi kulikuwa na mvua. Kutoka kwake kuliangukia Mlola, juu ya darubini moja ya kuazima iliyofungwa kamera na kompyuta.

Mara mbili kabla ya hapo, ukungu ulimharibia. Mansuri, mratibu wa kundi, alimpigia kutoka Dar es Salaam akiwa mpole mno, na upole wa namna ile hauna heri. "Dada Evodia, tukikosa na safari hii, darubini itabidi ihamie Dodoma. Kule hakuna ukungu." Evodia akajibu, "Sawa, kaka," kisha usingizi ukampaa. Hakuwa na mume wala mtoto pale Mlola. Alikuwa na darubini.

Jioni hiyo mbingu ilitakata. Alikuwa amewaomba majirani wazime taa za nje, nao walizima bila kuuliza, kwa heshima ambayo ingepaswa kumshtua. Giza lilipoingia, mstari wa mwanga wa nyota kwenye kompyuta ulikuwa chini, umetulia, nukta moja baada ya nyingine: sayari bado ilikuwa mbele ya nyota. Wakati wowote ingeanza kutoka.

Ndipo wanawake walipojitokeza njiani, kuni kichwani, tochi za simu mkononi, wakiimba wimbo wa maombolezo. Nyuma yao wanaume walibeba mabenchi. Kabla Evodia hajainuka vizuri, mafiga yalishapangwa, moto umewaka, na sufuria ya chai iko juu. Kwenye kompyuta nukta zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Shikamoo, mwinjilisti. Tafadhali, huo moto..."

"Marahaba, binti yangu," alisema Mwinjilisti Hezekia, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu amlaze mahali pema."

"Amlaze nani?"

"Hilo ndilo tumekuja kukuuliza."

"Hakuna aliyekufa!"

"Masikini, amechanganyikiwa," akanong'ona mama mmoja, na kuni zikaongezwa.

Evodia akaeleza. Akaeleza nyota, sayari, India, Ghana na upepo. Hezekia alimsikiliza kwa ule uvumilivu wanaopewa wafiwa. Mwenyekiti wa wanawake wa usharika, Mama Heri, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo nyota umeifungia turubai," alisema Mama Heri.

"Ndiyo, mama."

"Na mwaka jana, mama yako mzazi alipofariki kule Bukoba, hukufunga hata kanga mlangoni."

Evodia alikosa pa kutazama. "Mlijuaje?"

"Mkuu wa shule si alikupa ruhusa ya kwenda kuzika? Uliporudi tulikuja kwako jioni, watu sita. Ukatupa chai. Ukatuzungumzia bei ya karoti Soni, mpaka tukaaga."

"Niliogopa kuwasumbua."

"Ukatusumbua hasa."

Evodia aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo hasira, maana moto ulikuwa unazidi kuwaka na nyota haimsubiri mtu. "Mama Heri, nisamehe. Lakini naomba mzime moto. Nikikosa leo, wanaichukua darubini." Sauti yake ilikatika.

"Hicho ndicho unachokililia?" Mama Heri alielekeza kidevu kwenye darubini.

"Ndiyo."

"Na mama yako?"

Evodia akasema ukweli: "Yeye sijamlilia."

Mama Heri akainua sufuria ya chai, sukari na tangawizi na vyote, akaimwaga yote juu ya moto. "Na simu zote," akasema. Tochi zikazimika. Upepo ukapeleka moshi bondeni. Watu wakaketi kwenye mabenchi, gizani, bila hata mmoja kukohoa, na kwenye kompyuta nukta zikarudi kwenye mstari wake, bado chini.

"Mwalimu," alinong'ona Hezekia, "kuomba kunaruhusiwa?"

"Kunaruhusiwa, mwinjilisti. Mradi hakuna mwanga."

"Marehemu aliitwa nani?"

Tangu arudi kutoka mazikoni hakuwa amelitamka jina hilo. "Jenoveva," akasema.

Hezekia akamwombea Jenoveva, akaanza kwa Kiswahili, kisha akahamia Kishambaa, kwa sababu mambo mazito aliyasema kwa lugha hiyo. Evodia alielewa nusu. Mkono wa Mama Heri ulikuwa mgongoni mwake, na nusu hiyo ikatosha. Alilia kwa sauti, uso ndani ya kanga ya jirani yake, kilio cha mwaka mzima, na wanawake wakalia pamoja naye kwa ajili ya mama ambaye hawakuwahi kumwona.

Nyuma yao mstari ukaanza kupanda. Nukta kwa nukta, safi kuliko Mansuri alivyothubutu kutarajia, ukapanda mpaka ukafika juu kabisa, ukatulia. Kamera iliandika yote. Sayari ilitoka mbele ya nyota yake ikaanza safari ndefu ya kwenda mbali, na Mlola yote ilikuwa imeipa mgongo.