Rimu Nne za Baba Mdogo

Mwalimu wa udereva aliporudi nyumbani baada ya kupasuliwa moyo, alikuta rimu nne za gari zimepangwa barazani kama sufuria zinazosubiri kuoshwa.

"Zimeletwa na gari la mizigo," binti yake akamwambia. "Zimetoka kwa baba mdogo."

Mzee aliketi, akazitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Mtaa mzima ulijua habari za ndugu wale wawili. Ujanani walinunua pamoja gari dogo la mbio, jekundu, la viti viwili, wakalipenda kuliko usingizi. Baadaye mdogo, aliyekuwa kinyozi, akataka liuzwe. Mkubwa akakataa katakata. Maneno yakawa makali, na siku moja kinyozi akang'oa magurudumu yote manne akaondoka nayo. Tangu hapo mmoja alikuwa na gari lisilotembea, mwingine ana magurudumu yasiyo na gari, na salamu hakuna, ila msibani.

"Bandia hizi," mzee akasema mwishowe. "Halisi kaziuza zamani. Namjua."

"Unamjua, au umemkasirikia?"

"Vyote."

Binti akacheka. Yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia; kutazama kitu na nakala yake ndiko kulikomlisha. Akaleta mizani ya bafuni, brashi na tochi. "Haya mwalimu, nifundishe."

Mzee alitaka kukataa, lakini mikono ilimwasha. Akaeleza kwamba sumaku isingewasaidia, maana halisi na nakala zote hazina chuma. Waanze na uzito: kiwanda kilitumia madini mepesi ili gari lipae. Halafu mgongo wa rimu, upande usioonekana. Za asili zilimiminwa kwenye kalibu za mchanga, kwa hiyo nyuma zina chengachenga kama ganda la chungwa, na chapa ya kiwanda imevimba vizuri.

Binti akasugua ya kwanza. Chapa ikajitokeza chini ya masizi ya breki. Mzee akaipapasa kwa kidole gumba. Ya pili, halisi. Ya tatu pia. Hata rangi ya fedha waliyoipaka ndugu hao wenyewe uani ilikuwa bado imeng'ang'ania pembeni. Kila rimu ilipotoka kwenye mizani uso wa mzee ulilegea, naye akajitahidi kuukaza tena.

Ya nne ikaupeleka mshale wa mizani juu kuliko zile tatu. Mgongo wake laini. Chapa ilikuwepo, lakini herufi zilikuwa butu.

"Hii imenakiliwa kutoka kwa mwenzake," binti akasema. "Hata jino ukilinakili hivyo, kingo hulala."

"Si nilisema!" Mzee akajipiga kofi gotini kwa furaha. Kisha furaha ikamtoka ghafla. Kumbe hakutaka kuwa sahihi.

Binti hakungoja. Akapiga simu, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo baba mdogo. Rimu moja si yenyewe."

"Marahaba mwanangu. Ameigundua?" Kinyozi akacheka kidogo. "Basi yu mzima. Ile iliangukiwa na ukuta wa stoo, ikapasuka. Nikamtafuta fundi animiminie inayofanana, ili gari angalau lisimame kwa miguu minne. Lakini msiende nayo barabarani. Mwambie afungue buti la gari. Rimu ya akiba iliyomo ni halisi, haijawahi kugusa lami."

Mzee akainamia simu. Hakuwa amezungumza na mdogo wake tangu wamzike mama yao.

"Buti halifunguki, wewe. Ufunguo uliondoka nao."

Upande wa pili funguo zikasikika zikigongana.

"Kweli, kaka. Ninao. Nimpe nani aulete?"

"Huo si wa kutumwa. Ulete mwenyewe."

Alikuja Jumamosi asubuhi, mvi zimemjaa, akamshika kaka yake mkono asiuachie. Kufuli lilikuwa limeota kutu. Wakalimwagia mafuta, wakabishana ufunguo uzungushwe upande gani, mpaka binti akawanyang'anya akafungua mwenyewe. Gurudumu lilikuwa pale, chini ya turubai, chapa yake kali kama ya jana.

Injini haikuwaka, na hakuna aliyetarajia iwake. Walipokwisha kuzivalisha rimu matairi na kufunga magurudumu, mkubwa akaingia upande wa usukani.

"Daktari kanikataza kusukuma."

"Kumbe maradhi nayo yana neema zake!" kinyozi akasema, akainama nyuma ya gari pamoja na binti.

Gari likalia, likajivuta, likatoka getini. Kinyozi, akihema, akafungua mlango wa pili akaketi. Binti akabaki amesimama barabarani, anawasikia wameshaanza kubishana kuhusu rangi ya kulipaka gari.