Redio ya Wodi ya Watoto

Siku za upasuaji watoto wa wodi ile hawakupewa hata funda la maji, kwa hiyo asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa akimbembeleza bintiye kwa kumchezeshea funguo za nyumba. Binti huyo alizaliwa ubongo ukiwa umechomoza kwenye paji la uso. Madaktari walishaurudisha ndani, lakini fuvu lilibaki na pengo pana kama mdomo wa kikombe, na ngozi juu yake ilidunda. Kilichosalia ni kuchukua mfupa kidogo wa kisogo na kuliziba. Mtoto alikwishaanza kusimama dede, na mama alijua kwamba anguko moja tu lingemwondoa.

Kulipokucha vizuri, sauti ya daktari wa usingizi ilitoka kwenye pengo lile la mtoto, nzito, yenye mafua kidogo.

"Mleteni yule wa tonsili. Huyu nimeshamlaza."

Daktari mwenyewe alikuwa kwenye kliniki binafsi ya mganga mkuu wa hospitali, ng'ambo ya barabara. Siku za upasuaji alishinda huko. Wodini walishazoea, mtoto walimwita Redio. Muuguzi wa zamu aliinama, akatega sikio mpaka akatosheka.

"Leo hakuna kitu, mama zangu. Wapeni maziwa."

Mganga mkuu alipopita kukagua wagonjwa, Redio alikuwa hewani.

"Bosi kasema wa wodini wangoje," ilisema ile sauti. "Kwani wana pa kwenda?"

Mganga mkuu alisubiri sauti ikohoe na kumaliza. Lisemwalo lipo, na hili lilikuwa ng'ambo ya barabara tu.

"Huyu awe wa kwanza kesho," alisema. "Pengo kama hili haliachwi wazi."

Kazi ilifanyika vizuri sana. Mfupa ulishika, ngozi ikatulia, kichwa kikanyamaza. Mama alilia kwa furaha, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu ajifungue.

Siku ya upasuaji iliyofuata, muuguzi aliinama kwa mazoea, akapapasa paji lile gumu, akainuka. Hakukuwa na wa kuwaambia lolote, hivyo watoto walikaa na njaa hadi jioni. Daktari wa usingizi hakutokea.

Mama aliona haya, maana mwanawe alikuwa anakula biskuti. Kitanda cha pili alilala mvulana mwenye pengo kama lile utosini, na mama yake alikuwa ameinamia pale, akisikiliza.

"Wako alikuwa msemaji, dada," alisema mama yule. "Huyu wangu mpole. Watamsahau."