Kinga Iliyolala Barabarani

Walitoka kijiji cha Marabo asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, na Katsuva akasema leo watalala Bunia hata kama ni kwa kutambaa. Walikuwa wanne, kila mmoja na kinga yake, kama watu wa huku wanavyoita baiskeli, na kila kinga imebeba gunia la chumvi. Kina mama wa parokia moja ya Butembo ndio walioichanga, kikombe kwa kikombe, waliposikia kwamba wakimbizi kambini Bunia wanakula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi.

Katsuva, Mathieu na Floribert walikuwa kumbakumba, watu wa kusukuma mizigo kwa kinga tangu ujana wao. Wa nne alikuwa Bibiane, msichana wa Bunia aliyekimbilia Butembo vita vilipowaka. Sauti yake ilikuwa ndogo, ukimwuliza jina inabidi umwinamie.

"Mwanamuke atasukuma kinga mpaka Bunia?" Floribert alicheka siku ya kuondoka Butembo. "Basi miye nitazaa."

Bibiane alikaza mipira ya kufungia mzigo wake, akatangulia.

Kwenye mlima, kumbakumba wana desturi yao: hakuna kinga inayopanda peke yake. Wote wanashika moja, wanaipandisha, wanaisimamisha kwa mti wenye panda, kisha wanashuka kuchukua nyingine. Na kinga yenye gunia zima hailazwi chini kamwe, maana kuiinua kunataka watu wanne wanaojua pa kushika.

Mlima wa mwisho ukawakuta na jua kali. Walipokwisha kupandisha kinga ya Bibiane na ya Katsuva, Katsuva akamwambia Bibiane, "Baki hapa, dada, chunga." Wanaume wakashuka.

Hawajafika chini, watu wawili wenye bunduki wakatoka kwenye majani. Mmoja mrefu, amevaa kofia ya sufu. Mwingine mnene, macho yake hayatoki upande wa Bunia. Magari ya askari wa kigeni yalikuwa yakipita njia ile kwa doria, au patruye, na aliyekutwa na bunduki alinyang'anywa.

"Chumvi ya nani?" aliuliza yule mrefu.

"Ya wakimbizi."

"Sema kwa nguvu, we bubu. Ya upande gani?"

"Ya wenye wanakula sombe bila chumvi."

"Nauliza kabila."

"Sikuuliza chumvi kabila yake."

Yule mnene akacheka, kisha akanyamaza alipoona mwenzake hacheki. "Shika hiyo, miye nashika hii," alisema. "Tusukume mu pori haraka, mbele ya patruye kupita."

Bibiane aliwaza vyungu vya kambini. Kisha akaupiga teke mti wa kinga yake, akaupiga na wa kinga ya Katsuva. Zote mbili zikaanguka katikati ya barabara kwa kishindo, vumbi likapanda.

"We kichaa?"

"Inueni," Bibiane alisema, akakaa juu ya gunia lake.

Walimsukuma akaanguka, akarudi kukaa. Wakaacha lake, wakashika kinga ya Katsuva. Mmoja alivuta usukani, mwingine akavuta kiti, gunia likateleza upande na kumbana yule mnene mguu. Akatukana kwa lugha ya kwao.

"Kata mipira, tubebe ku kichwa," alisema yule mrefu.

"Weye utakimbia na gunia hiyo? Miye hapana. Twende, tumechelewa."

Kutoka upande wa Bunia ikasikika mashine ya gari, mbali bado. Yule mrefu alichana gunia la Bibiane kwa kisu, akajaza chumvi kwenye kofia yake, akapiga risasi moja kwenye gurudumu la mbele la kinga ya Bibiane, karibu kabisa na mguu wa msichana. Halafu wakapotea kwenye majani.

Wanaume walikuja wakihema, wameiacha kinga ya tatu mtaroni. Floribert alitazama tairi, akatazama kinga zilizolala, akamtazama Bibiane.

"Nani amezilaza?"

"Ni miye."

Hakusema neno la kuzaa.

Walishona gunia kwa kamba, wakaziinua kinga wote pamoja, wakamaliza na mbili zilizobaki. Katsuva akasema wagawane mzigo wa Bibiane, kinga yake waifiche, waingie mjini kwa njia ya nyuma, wasionekane na wenye bunduki wengine.

"Hapana, yaya," Bibiane alimjibu, kama wadogo wanavyomwita kaka mkubwa.

"Tairi haina upepo, rimu itakufa."

"Ikufe. Ilibeba chumvi, si bunduki. Siingii Bunia kama mwizi."

Akashika usukani, akasukuma. Rimu ililia juu ya mawe kilomita baada ya kilomita, ikalia zaidi kwenye barabara kubwa ya mjini, mbele ya maduka yaliyofungwa. Madirisha yalifunguka kidogo kidogo. Mtu alipiga kelele, "We mama, kinga yako imekufa."

"Naona," Bibiane alijibu, naye akasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Wanaume watatu walimfuata nyuma. Alipofika kambini, karibu na uwanja wa ndege, hakungoja mtu wa kumfungulia. Alisukuma geti kwa gurudumu lililopasuka, akaingia, na wanawake wakaanza kutoka kwenye mahema wakiwa na vikombe.