Fundi Iltaf na Mashine Mpya

"Fundi, acha kiti! Ni leo!"

Iltaf hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinauongoza uzi wa henzerani uliolowa maji, ukipita chini ya wenzake wawili, juu ya wawili, hadi ubavuni mwa kiti. Akauvuta taratibu, akausikia ukilia kidogo, akaubana kwenye tundu lake kwa kijiti. Ndipo akajibu.

"Ni leo tangu alfajiri, Nomi. Kelele zako haziwezi kulisukuma jua."

"Umebakiza nini?"

"Mishazari ya upande mmoja. Mama mwenye kiti anakitaka kabla ya futari, ana wageni."

"Si wakalie mkeka! Wageni huja kila Ramadhani. Mashine mpya ya gemu hutangazwa mara moja kila baada ya miaka mingapi? Mpaka mtu anaota mvi!"

"Wewe hata ndevu hujaota," Iltaf akasema, na wachonga mbao waliokuwa wakipiga randa ndani ya duka wakacheka.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kusuka viti barazani mwa duka la samani la mtaa wa Ichhra, hapo Lahore, Pakistan. Homa ilimnyang'anya macho kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Shule ya wasioona ikampa mikono, na kwa mikono ile alikuwa amemwoa Tasneem, amemlea binti yao Maham, amepanga vyumba viwili, na amekalisha nusu ya wazee wa mtaa ule kwenye viti visivyobonyea. Nomi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mpangaji wa ghorofa ya juu ya duka, na mdomo wake ulikuwa bomba lisilo na koki.

Kilichowaunganisha watu hawa wawili kilikuwa chini ya ardhi. Ng'ambo ya barabara, ukishuka ngazi zenye harufu ya unyevu, ulikuwa ukumbi wa gemu wa Shafqat. Huko Iltaf hakuwa mtu wa kushikwa mkono. Katika gemu za ngumi alikuwa simba. Kila pigo lina mlio wake, kila mpiganaji ana pumzi yake, na wapiganaji wawili husimama kwenye mstari mmoja, hakuna kona wala kichochoro. Vijana walitoka mitaa ya mbali kuja kupimana naye, wakashuka ngazi kwa majigambo na kuzipanda wakikuna vichwa.

Lakini kulikuwa na gemu nyingine, zile pana, ambazo mtu huzunguka milima na miji, akaenda atakako. Hizo zilikuwa zimemfungia mlango. Mara nyingi alikaa kando ya Nomi aliyekuwa akicheza *Nchi Isiyo na Ramani*, gemu ya mwanamke mjumbe aitwaye Irume, anayetembea katika nchi iliyohamwa. Nomi alimsimulia kila kitu: sasa kuna bonde, sasa kuna daraja limekatika. Alisimulia vizuri, kwa moyo safi. Hata hivyo siku moja Iltaf alimwambia, "Ndugu yangu, hii ni kula embe kwa kuhadithiwa."

Maneno hayo yalimchoma Nomi. Majira ya baridi yaliyopita alimkalisha Iltaf mbele ya simu, akamrekodi akizungumza na wale waundaji wa gemu walio ng'ambo, kisha akaweka tafsiri chini yake, akawatumia. Iltaf hakuomba huruma. Alisema tu kwamba yeye hucheza kwa masikio, kwamba angependa siku moja kupotea njia katika nchi ya Irume bila mtu kumshika mkono, na kwamba kama mashine yao inaweza kuchora jani likianguka, huenda ikaweza pia kulifanya lisikike. Lilikuja jibu moja la shukrani, la aina ile wanayopewa watu wote. Baada ya hapo, kimya.

Leo ilikuwa siku ya kutangazwa kwa mashine mpya, na uvumi ulisema sehemu ya pili ya *Nchi Isiyo na Ramani* itaonyeshwa pamoja nayo. Wakati wa daku Tasneem alimuuliza, huku akimsogezea mtindi, "Na wakisema hapana, Baba Maham?"

"Nitarudi kwenye ngumi zangu."

"Na wakisema ndiyo?"

Iltaf alitafuna chapati muda mrefu kuliko ilivyostahili. Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo.

Jua lilipoanza kulegea alibana kijiti cha mwisho, akapitisha kiganja juu ya kiti kizima kama mtu anayempapasa farasi, akaita kichukuliwe. Kisha akashika fimbo yake na bega la Nomi, wakavuka barabara.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Shafqat, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa ametandika magazeti sakafuni kwa ajili ya futari, na harufu ya bajia ilikuwa ikiwatesa watu wenye saumu.

"Mpisheni fundi!" akapaza sauti. "Fundi, kaa hapa mbele, karibu na spika. Na nyie mikono mbali na bajia, mwenye kuhesabu yupo juu mbinguni na mwingine ni mimi!"

Kila mtu alikuwa na ombi lake. Mmoja alitaka mpira wenye timu ya Pakistan, akaambiwa aombe kwanza timu ya Pakistan yenye mpira. Mwingine alitaka gemu ya kriketi ambayo mwamuzi wake haonei. Shafqat mwenyewe aliomba pedi ya kuchezea isiyovunjika ikitupwa ukutani.

"Na wewe, fundi?" akauliza.

"Mimi nimekuja kula bajia."

Wakacheka. Nomi hakucheka. Alimbana kiwiko kidogo.

Saa kumi na moja na nusu matangazo yakaanza. Mtangazaji alizungumza Kiingereza, Nomi akafasiri kwa sauti ya chini. Mashine mpya ilikuwa nyembamba. Ilikuwa na kasi. Picha zake zilikuwa kali kiasi cha kuhesabu nywele za mbwa. Ilikuwa na rangi ambazo jicho halijapata kuziona, na mwanga unaocheza juu ya maji, na vivuli. Kila jambo lilipotajwa, ukumbi ukaguna kwa raha, na kila mguno ulimsukuma Iltaf hatua moja nyuma, ingawa alikuwa ameketi palepale. Watu wa macho walikuwa wakizungumza na watu wa macho. Akaanza kuitafuta fimbo yake kwa mguu, polepole, asionekane.

Hapo ikapigwa noti moja ya filimbi. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, mtu akakanyaga sahani ya tende, Nomi akampiga Iltaf mgongoni kama ngoma. "Ni yenyewe! Irume! Ni yen..."

Pap. Feni zikapunga kwa kusuasua, zikasimama. Umeme wa Lahore ulikuwa umechagua saa yake.

"Ya Rabi!" Shafqat akalia gizani. "Jenereta! Nani alitia mafuta jenereta?"

"Wewe ulisema utatia!"

"Mimi nina saumu, naweza kukumbuka kila kitu?"

Matusi yalianza, yakakumbuka mwezi mtukufu, yakageuka istighfari. Nomi alikuwa tayari ameifungua simu yake. Mtandao ulikuwa dhaifu kule chini, kama kawaida. Picha iligoma, kioo kikabaki na duara linalozunguka juu ya weusi. Lakini sauti ilikuwa ikija. Nyayo, upepo, kitambaa kinachopigapiga.

"Mwenye macho haambiwi tazama," mtu mmoja akasema kwa uchungu, "haya, tutazame nini sasa?"

"Nyamazeni," Iltaf akasema.

Hakuwahi kuwaambia hivyo. Wakanyamaza.

"Yuko peke yake," akaanza, kichwa ameinamisha kuelekea simu. "Amevaa viatu vizito. Anakanyaga mawe, mawe makavu. Mguu mmoja anauburuta, ameumia au amechoka. Sasa yuko ndani ya kitu... kuta zimemkaribia pande zote mbili. Korongo. Au kichochoro. Kuna ndege wengi, wameruka juu yake."

"Kuna adui?" sauti ikanong'ona.

"Hakuna. Subiri. Kuna maji, lakini mbali, chini sana."

Watu waliinama kumzunguka. Alisikia pumzi zao, alisikia magoti yao yakisugua magazeti. Miaka yote wao ndio waliomsimulia. Sasa walikuwa wakimngoja, na yeye akaona haya kidogo, halafu haya ikamwacha.

Ndani ya simu Irume akapiga mluzi. Mluzi ukaenda, ukarudi upesi, mara mbili.

"Amepiga mluzi kwenye ukuta," Iltaf akasema. "Ukuta uko karibu, upande wa kushoto. Anageuka. Anatembea." Mluzi mwingine, na huo ukachelewa kurudi, ukarudi umepoa. "Hapa pamepanuka. Kama ua wa msikiti mkubwa." Hatua, upepo, hatua. Mluzi wa tatu ukaenda na haukurudi kabisa. Hatua zikasimama ghafla.

Iltaf akainua kichwa.

"Eh, fundi? Kimetokea nini?"

"Mbele yake hakuna kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni ukingo. Angepiga hatua moja angeanguka. Amejua kwa mluzi."

Na yeye naye akawa amejua. Mluzi ule haukuwa pambo. Hakuna mtu anayesumbuka kupima namna sauti inavyorudi kutoka kila ukuta kwa ajili ya watu watakaoutazama huo ukuta. Hakutaka kuamini, maana alikuwa mtu mzima, na alijua gharama ya kuamini.

Muziki ukaisha, mtangazaji akarudi. Alizungumza kwa kitambo. Nomi, yule bomba, hakutoa hata tone.

"Anasema nini?" Iltaf akauliza.

Akamgusa bega.

"Nomi. Anasema nini?"

"Anasema..." Nomi akaanza upya. "Anasema mashine itasoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Kwa lugha chache za kuanzia, na nyingine zitafuata. Na anasema nchi ya Irume itaweza kuzungukwa yote, mwanzo hadi mwisho, na mtu asiyeona. Kwa mluzi. Anasema waliletewa sauti za watu kutoka nchi nyingi, wakazisikiliza."

"Amezitaja nchi?"

"Hapana."

"Na Kiurdu kimo kwenye zile lugha?"

"Bado, kaka. Hakijatajwa."

Iltaf akatikisa kichwa polepole. Alitaka kusema jambo la mzaha, kwa sababu ndivyo alivyozoea kujiokoa, lakini halikuja. Mkono mnene ulimshika kisogoni, ukamtingisha kama mtoto. Ulikuwa wa Shafqat, na Shafqat alikuwa akipenga kamasi.

"Basi tutakufundisha Kiingereza," alisema. "Usiku kucha tutakufundisha. Itatoka lini?"

"Mwakani."

"Inatosha. Mimi nilijifunza ndoa kwa wiki moja."

Hapo juu adhana ikaanza, msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha hewa yote ikajaa. Mtu alimtia Iltaf tende mkononi, mwingine bilauri ya sherbeti, mwingine tende nyingine, na bajia zilizopoa zikagawanywa kwa kupapasa, kila mmoja akishika pua ya mwenziwe. Iltaf ndiye pekee ambaye hakumwaga kitu.

Umeme uliporudi walikuwa wametoka kuswali. Wakairudisha ile video na kuiangalia kwenye runinga kubwa, na kwa kila jambo lililolingana na simulizi la Iltaf walipiga makofi. Korongo lilikuwa korongo. Maji yalikuwa chini, mbali sana. Ukingo ulikuwepo, na watu wakaguna kwa hofu kana kwamba hawakuambiwa.

"Lakini hakuna ndege!" Nomi akapiga kelele. "Fundi, zile ni bendera! Bendera zimechanikachanika!"

"Mimi nimeona ndege," Iltaf akasema, "na ndege watabaki."

Baadaye Nomi alimtolea bega kama kila siku, ampeleke nyumbani.

"Leo niache. Rudi ukale, kabla Shafqat hajamaliza."

"Una hakika?"

"Nomi. Nimezaliwa mtaa huu."

Akapanda ngazi. Ilikuwa ile saa ambayo Lahore yote iko ndani inakula, na barabara inabaki kama chumba kilichohamwa. Hakuna pikipiki, hakuna mchuuzi. Angeweza kusikia kijiko kikigonga sahani ghorofa ya pili. Njia yake aliijua kama uzi unavyoijua kazi ya kiti: baraza la duka, mfereji, duka la dawa, kona, nyumbani. Kwa miaka hakuwahi kuiacha. Tasneem alikuwa akimngoja na dengu za moto, na swali lake la daku sasa lilikuwa na jibu, ingawa bado hakujua angelisemaje.

Baada ya duka la dawa, kabla ya kona, ukuta wa kushoto ulikatika. Ulikuwa umekatika pale siku zote, na siku zote yeye aliharakisha kuupita mwanya ule wa kichochoro. Leo alisimama. Upepo mwembamba ulitoka humo, una harufu ya mkate wa tanuri na nguo zilizofuliwa. Mbali ndani kulikuwa na mtu akicheka, na juu yake kitu kikipigapiga, labda njiwa, labda shuka kwenye kamba.

Iltaf akainyoosha fimbo mbele yake, akakata kushoto.