Kadi Tupu ya Rubani

Kila asubuhi, kabla baba yake hajamaliza kufunga kamba za viatu, binti alikuwa ameshasimama mlangoni. Aliihofia ile safari ya posta. Baba angetoka amenyooka kama mtu aliyeitwa kazini, angefungua sanduku lake la barua, na angerudi mikono mitupu. Kila aliporudi, mabega yalikuwa yameshuka kidogo zaidi ya jana.

Mzee alikuwa fundi saa mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Tangu hapo, kilichomtoa kitandani ni barua za ndege. Alikusanya bahasha zilizosafiri angani, pamoja na stempu zake, mihuri yake na mikwaruzo yake yote. Wenzake walimwita Rubani, yeye ambaye hajawahi hata kukanyaga ngazi ya ndege.

"Hii imepita juu ya mawingu," alizoea kusema, akiinusa bahasha. "Mimi sijapita. Basi acheni niishike."

Zamani wakusanyaji walijaa chumba cha nyuma cha duka la dawa la rafiki yake, wakibishana juu ya muhuri mmoja mpaka chai ikapoa. Mmoja mmoja wakapungua, wengine kwa kuhama, wengine kwa kuzikwa. Walibaki Baba na huyo rafiki, Mfamasia. Kisha karani wa posta akawaambia kwamba mihuri ya kugonga kwa mkono inaondolewa. Barua zitabandikwa karatasi yenye mistari ya mashine.

Ndipo Baba akaamua kutuma bahasha moja ya mwisho, kwa mtindo alioupenda kuliko yote. Unaiandikia nyumba isiyokuwapo katika nchi ya mbali. Posta ya huko inaitafuta, inashindwa, inagonga muhuri wake na kuirudisha. Bahasha inaruka kwenda, inaruka kurudi. Ndani unaweka kadi tupu, ili pembe zisikunjike.

"Ikirudi, ndiyo ukurasa wa mwisho wa albamu," alisema. "Isiporudi, albamu zote apewe Mfamasia. Mimi basi."

Binti aliielewa hiyo "basi". Akiacha posta, ataacha viatu. Akiacha viatu, ataacha kunyoa ndevu, na kile kiti cha dirishani kitammeza mzimamzima.

Na kosa lilikuwa lake yeye. Kwa sababu ya mikono ya baba yake, anwani aliiandika yeye. "Weka namba kubwa," Baba alimwelekeza. "Mia tisa na kitu. Mtaa wenyewe mfupi." Lakini binti huyu ni mtu wa kuomba radhi hata kiti akikigonga. Nyumbani walimwita Kasuku kwa utani, kwa kuwa hasemi. Alimfikiria mpeleka barua wa huko ugenini, akitembea mtaa mzima mvuani kutafuta nyumba ya uongo, na roho ikamuuma. Akaandika kumi na saba, ili maskini yule asichoke bure.

Bahasha ilipokwisha kudondoka ndani ya sanduku la posta ndipo akili ilipomrudia. Mtaa gani usio na nyumba ya kumi na saba?

Hakumwambia Baba. Wiki zikapita.

"Rubani, ndege bado haijatua?" kaka yake binti aliuliza mezani.

"Imechelewa tu."

"Mzee, siku hizi ujumbe unafika kabla hujaondoa kidole."

"Vizuri. Nionyeshe uliotumiwa mwaka juzi."

Kaka akapapasa simu, kisha akacheka. "Ile simu ilitumbukia chooni."

"Haya, kula."

Baba alicheka pia, lakini wali wake ulibaki nusu, na binti aliuona.

Asubuhi moja Mfamasia alifika na boksi tupu la dawa, akasimama nalo mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Sijaja kuchukua kitu, mwanangu," alimwambia binti. "Baba yako aliniambia nilete boksi, nimeleta boksi. Na hata nikizichukua hizo albamu, nitamwachia nani? Mjukuu wangu kaniuliza stempu inachajiwa wapi."

Binti alikuwa akimkaribisha ndani Baba alipoingia kutoka posta. Mkononi alikuwa na bahasha, lakini si ile yake. Ilikuwa ndogo, nene, yenye stempu tatu na muhuri wa duara uliogongwa safi. Jina la mpokeaji ni la Baba. Akaigeuza nyuma, akaweka lenzi yake ya ufundi saa jichoni, akaisoma anwani ya mtumaji taratibu.

"Kasuku."

"Abee, Baba."

"Nilikwambia mia tisa."

"Niliona atatembea sana."

Mfamasia akakohoa, akayaangalia mabati.

Baba akakaa. Sheria yake ilikuwa moja tu: iliyofika imefungwa, ibaki imefungwa. Hii ingeweza kuingia kwenye albamu hivyo hivyo, ikaujaza ule ukurasa wa mwisho, na mambo yakaisha. Alichukua wembe kwenye meza yake ya kazi. Mkono ukatetemeka juu ya karatasi, ukarudi. Akampa binti wembe.

"Upande wa juu. Usiguse muhuri."

Binti akakata, kisha akasoma kwa sauti yake ndogo, akitafsiri:

"Bwana, nimepata kadi yako. Nimeigeuza pande zote, nimeishika karibu na taa, sikuona neno. Nikajiuliza ni jambo gani zito hivyo, mtu atume kadi mbali kote huku na ashindwe kuliandika. Tangu hapo silali vizuri. Tafadhali nijulishe kama uko salama. Bahasha yako niliichana nilipoifungua, nikanakili anwani, nikaitupa. Stempu zilikuwa nzuri."

Kwenye "niliichana" Baba alifumba macho.

"Pole, Rubani," Mfamasia alinong'ona.

"Rudia pale pa kulala," Baba alisema.

Binti akarudia. Baba akalitazama boksi tupu mlangoni, kisha mikono yake.

"Chukua kalamu," alisema. "Miaka yote hii sijawahi kumwandikia mtu neno. Mwambie..." Akavitazama viatu vyake. "Mwambie mikono inatetemeka. Lakini viatu nimevaa."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Halafu muulize na yeye, anaishi na nani pale."

Mfamasia akaligeuza boksi chini juu, akalikalia kusikiliza. Binti aliandika haraka, herufi zikipandana, akihesabu moyoni siku ambazo barua itachukua kufika. Huko mbali, kwenye namba kumi na saba, kulikuwa na mtu asiyepata usingizi.