Gole la Sista

Kuku wa Fausta walikuwa watano, na wote wazee. Si wazee wa kusingiziwa. Mmoja jicho la kushoto lilishapofuka, mwingine alichechemea tangu mvua za mwaka juzi, na yule mweupe mwenye kichwa cheusi, aliyeitwa Sista kwa sababu ya huo utaji wake, alikuwa ametimiza miaka tisa. Miaka tisa, kuku wa kienyeji, hapa Mazinde, ambako kuku akiponea kicheche anakutana na kideri, na akiponea kideri anakutana na mgeni.

Fausta aliwatunza hasa. Kijiti cha kulalia alikishusha hadi usawa wa goti, maana kuku mzee akiruka kutoka juu anaumia. Pumba aliziloweka maji ya uvuguvugu. Jumapili baada ya ibada alikaa kibarazani akiwakata kucha na kuwapaka mafuta miguuni, magamba yasiinuke. Mumewe, Richard, aliliita banda lile wodi ya wazee, na jina likashika mtaa mzima, hata watoto wa shule wakipita wakawa wanauliza wagonjwa wameamkaje. Fausta aliwajibu wameamka salama. Alikuwa na jibu moja tu kwa waliomuuliza kuku asiyetaga anafugiwa nini.

"Mimi nimefanya kazi ya brashi kiwandani miaka ishirini na sita, nikasafisha singa za katani mpaka mgongo ukakataa," alisema. "Sasa nimestaafu. Nani amenichinja?"

Basi, Jumatano moja Sista akaacha kula. Fausta akasema ni kideri, na hapo, tusimpambe, alikosea. Alimnywesha maji ya shubiri asubuhi na jioni, kama tunavyofanya sote kuku akizubaa, tuujue ugonjwa tusiujue. Sista akazidi kusinyaa. Ijumaa jioni alikuwa amejikunyata kwenye kona, macho nusu, na akishikwa kifua ni mfupa mtupu.

Jioni hiyohiyo simu ikaita kutoka Kang'ata. Kaka yake Richard, Fransisko, alikuwa anakuja kesho yake kuwasalimia.

"Mgeni ana bahati," Richard akasema. "Sista achinjwe asubuhi kabla hajafa kibudu."

"Unataka kumlisha kaka yako kuku mgonjwa?"

"Kaka ana meno mabovu, tumbo lake zima."

Fausta hakulala vizuri. Jumamosi asubuhi mzee Mbaruku, aliyeitwa na Richard, akabisha hodi, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Mtaa wetu ndivyo ulivyo: awe Mkristo awe nani, kuku akichinjwa anaitwa mzee Mbaruku, ili jirani yeyote atakayepita ale bila kuuliza. Mikono ya mzee yule ilikuwa imepitisha kuku wengi kuliko nywele alizobakiza kichwani.

"Mlete, mama Godfrey," akasema, akijiweka sawa kuelekea kibla.

Fausta akamnyanyua Sista. Ndipo kiganja chake kikagusa chini ya shingo, pale kwenye gole, mahali kuku anapohifadhi chakula kabla hakijashuka tumboni. Palikuwa na donge gumu, kubwa kama limau. Akalibonyeza. Halikuwa mahindi, halikuwa mawe. Lilinepa kidogo, likakataa, likajirudia. Miaka ishirini na sita vidole vyake vilikuwa vimeshika kitu kile kila siku ya Mungu, na havikuhitaji kuambiwa.

"Ni katani," akasema. Kisha akakaa chini na kuku wake mapajani.

Katani ile aliiweka yeye. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameomba makapi ya singa kule kiwandani, akatandika kwenye viota ili wazee wake walale pamoto. Sista, ambaye tangu ujana alikuwa na tabia ya kudonoadonoa matandiko, akameza uzi mmoja, wa pili, wa kumi, zikajisokota humo ndani zikaziba njia. Kumbe kuku alikuwa na njaa siku zote nne, na shubiri ananyweshwa. Fausta akaona aibu, akaona uchungu, machozi yakamtoka mbele ya wanaume wawili na hakuyafuta.

"Hachinjwi," akasema. "Nampasua. Naitoa."

Richard akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mama Godfrey, wewe si daktari."

"Mimi ndiye niliyemtandikia."

Richard naye ana kiburi chake, hasa mbele ya watu. "Haya, pasua," akasema. "Lakini akikufia mkononi, wale wanne wengine nawatia kwenye tenga, wanakwenda mnadani Mombo. Wodi inafungwa. Mzee Mbaruku ni shahidi."

"Sawa," Fausta akajibu.

Akampigia Loyce, afisa mifugo wa kata. Binti alikuwa Korogwe mjini kwenye mafunzo, hatarudi mpaka Jumatatu. Fausta akaweka simu spika juu ya kinu.

"Shikamoo mama. Kama ameshakaa siku nne, Jumatatu sitamkuta," Loyce akasema. "Nisikilize. Chemsha sindano na uzi. Wembe uwe mpya. Nyonyoa manyoya pale juu ya donge, osha kwa maji ya chumvi. Kata ngozi kwanza, upana wa kidole gumba, halafu gole lenyewe. Ukimaliza, gole lishone peke yake na ngozi peke yake. Ukizishona pamoja umemuua. Na mkate juu, mbali na mishipa mikubwa."

"Mishipa iko wapi, mwanangu?"

Simu ikakoroma, mtandao wa Mazinde mnaujua. Loyce akapotea.

Mzee Mbaruku alikuwa bado amesimama na gazeti lake. Akalikunja, akalitia mfukoni kisu kikiwa ndani, akachuchumaa. "Mishipa naijua mimi," akasema. "Miaka arobaini naitafuta niikate. Leo nitakuonyesha uikwepe." Akaweka kidole chake kikavu kwenye shingo ya Sista. "Huu hapa. Na huu. Kata hapa katikati, hata tone halitatoka."

Maji yalikuwa yamechemka, wembe umefunguliwa, wakawa wanatafuta mtu wa kushika miguu, maana Richard alikuwa amegeukia ukutani, damu hawezi kuiangalia. Hapohapo Fransisko akaingia uani na mfuko wa mihogo begani.

"Hodi hapa. Hamjambo?"

"Karibu shemeji," Fausta akasema. "Weka mihogo, shika miguu."

Fransisko ni mtu wa shamba, hauliziulizi. Akashika. Mgeni aliyekuwa achinjiwe kuku akawa ndiye amemshikilia asife.

Fausta akakata. Damu ilitoka matone mawili. Harufu iliyofuata ndiyo iliyomtoa Richard nje kabisa ya ua. Fausta akaingiza kidole, akaupata mwisho wa singa, na hakuvuta. Mgeni wa katani angevuta, akachana kila kitu. Yeye aliilowesha kwa maji, akaizungusha taratibu, singa moja ikaachia nyingine, kama alivyokuwa akifungua mafundo kiwandani wasimamizi wasione. Ikaja. Ikaendelea kuja. Fransisko akahesabu kwa macho: shibiri moja, mbili, tatu, uzi mweusi uliosokotana na pumba na majani, na mwishoni donge lenyewe likatoka likaanguka kwenye sahani.

"Astaghfirullah," mzee Mbaruku akasema polepole. "Huyu alikuwa anatengeneza kamba."

Fausta akaosha ndani, akashona gole, akashona ngozi. Mishono sita na mitano. Mchana ule mgeni alikula ugali kwa maharage, akasema hajawahi kula maharage matamu vile. Huenda alisema kweli.

Kupasua ilikuwa rahisi kuliko kungoja. Jumapili Fausta hakwenda ibadani. Alikaa jikoni, Sista ndani ya boksi kando ya jiko, akimdondoshea maji kwa kijiko na uji mwepesi kama maziwa. Viota vyote alishavitoa katani, akaweka majani makavu. Jumapili usiku Sista hakuinua kichwa, na Fausta akamwambia Mungu waziwazi kwamba anaogopa, kwamba kosa ni lake yeye na si la kuku. Jumatatu Loyce akafika kwa pikipiki, akafunua manyoya, akatazama mshono muda mrefu.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Mama, kuna watu nimesoma nao hawawezi kushona hivi."

Jumatano Sista akasimama. Akatikisa manyoya, akatoka nje mwenyewe, akamkuta jogoo kijana wa jirani amejikaribisha kwenye bakuli la wazee, akamdonoa kichwani mara mbili hata kijana akapitia juu ya ua. Kisha akala. Fausta akaliangalia gole likijaa na likishuka, likijaa na likishuka, akacheka peke yake uani mpaka mbavu zikauma.

Akamtia Sista kwapani, donge la katani akalibeba kwenye sahani, akatoka barabarani. Amwonee nani aibu? Alipita dukani, alipita kisimani, alipita lango la kiwanda wenzake wa zamani wakitoka zamu. Watu wakamzunguka. Mshono ukatazamwa, katani ikanuswa na waliojuta kuinusa. Na katikati yao, jamani, alikuwepo Richard, anasimulia.

"Tulipomlaza," Richard alikuwa anasema, kifua mbele, "nikawaambia, mishipa hii msiiguse."

Mzee Mbaruku, naye alikuwemo kwenye umati, akakohoa. Fausta akamnyamazisha kwa jicho. Akamwacha mumewe asimulie yote, wembe, uzi, mishono kumi na moja, mpaka watu wote wakawa wanamsikiliza yeye tu. Ndipo akauliza, kwa upole, sauti ya kusikika hadi langoni.

"Na wale wanne, baba Godfrey? Wanakwenda mnadani lini?"

Watu wakageuka kumtazama Richard. Richard akatazama mkewe, akatazama Sista, akaona hakuna pa kutokea. Akacheka, na safari hii alicheka kweli.

"Wasikieni wote," akasema. "Kuku wa mke wangu hawauzwi na hawachinjwi. Watakufa kwa uzee wao, na nitachimba kaburi mimi."